Swali la Mtoto Lisichekwe: Fizikia, Haki na Vijana wa Magu



  Tunajua kwamba baadhi yenu mlipoliona neno "fizikia" katika ratiba ya leo mliulizana: Tume ya Haki na Amani imeingiaje katika somo la darasani? Tumezoea kuzungumza hapa juu ya migogoro ya mipaka ya mashamba, juu ya mirathi ya wajane, juu ya mauaji ya vikongwe. Fizikia na haki zina undugu gani?

Jibu letu ni moja, na yote tutakayoyasema ni kulifafanua. Mtoto wa maskini haiachi fizikia kwa sababu Mungu alimnyima akili. Huiacha kwa sababu hapana mtu aliyemwendea na kumwambia kwamba elimu hii ni yake pia. Na pengine kwa sababu siku alipothubutu kuuliza swali, alichekwa. Kumnyima mtu kilicho chake ni dhuluma, hata kama hapana aliyekusudia kumdhulumu. Ndiyo sababu jambo hili limefika mezani petu.

1. Fizikia inatuhusu nini?

Fizikia ni elimu inayochunguza vitu na nguvu zinazovitawala: uzito, mwendo, joto, mwanga, sauti, umeme. Haikai kitabuni tu. Imo katika nira ya ng'ombe, katika chungu kinachopoza maji, katika taa zinazowavuta dagaa usiku. Hebu tutazame mambo manne ambayo sisi wa Magu tunayafahamu vizuri.

La kwanza ni mizani. Mkulima wa pamba hutoka shambani na jasho la miezi mingi, naye hulipwa kadiri mshale wa mizani unavyosema. Mizani ikichezewa, jasho lake huibwa mchana kweupe. Lakini mtoto aliyesoma fizikia kidogo tu anajua kwamba lita moja ya maji safi ina uzito wa takriban kilo moja. Basi na apime kwa chupa ya lita moja, mara ishirini, aimimine katika dumu, kisha alitundike dumu hilo kwenye mizani pamoja na uzito wa dumu lenyewe. Mizani ikisoma kilo kumi na saba, hapana haja ya kugombana. Maji yametoa ushahidi. Hapo ndipo mkulima apeleke malalamiko yake kwa Wakala wa Vipimo akiwa na hoja mkononi.

La pili ni vyombo vya ziwani. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, nacho kilikuwa kimebeba watu wengi kupita kiasi kilichoruhusiwa. Zaidi ya watu 220 walipoteza maisha. Kabla yake, tarehe 21 Mei 1996, tuliwapoteza mamia ya ndugu zetu katika meli ya MV Bukoba. Chombo huelea kwa kanuni, na hupinduka kwa kanuni. Mzigo ukizidi, au ukikaa juu mno, au watu wakihamia upande mmoja kwa ghafla, maji hayamhurumii mtu. Kijana anayezielewa kanuni hizo atajua ni wakati gani aseme "sipandi", na pengine kesho atakuwa mkaguzi asiyeuza sahihi yake.

La tatu ni radi. Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi sana katika Afrika. Radi ni umeme unaojikusanya mawinguni na kutafuta njia ya kufika ardhini. Mara nyingi huipata kwenye kitu kirefu kuliko vingine: mti, mnara, au mtu aliyesimama peke yake uwanjani au mtumbwini. Haitumwi na bibi mwenye macho mekundu. Macho yale, ndugu zetu, mara nyingi yameharibiwa na moshi wa jiko la miaka hamsini. Tunapohubiri dhidi ya mauaji ya vikongwe bila kuwaeleza watu radi ni nini, tunakata matawi na kuliacha shina. Na anayejua radi ni nini hatajikinga chini ya mwembe mvua inaponguruma.

La nne ni tiba. Katika hospitali ya Bugando pale Mwanza, wapo wagonjwa wa saratani wanaotibiwa kwa mionzi. Mionzi ikiwa kidogo mno, ugonjwa haufi. Ikiwa mingi mno, humwumiza mgonjwa. Daktari hawezi kukipima kiasi hicho peke yake. Huhitaji mtaalamu wa fizikia ya tiba. Wataalamu hao hawanyeshi kama mvua. Kila mmoja wao alikuwa mtoto wa kidato cha pili aliyekataa kuliacha somo, au aliyekatazwa na mtu mmoja asiliache.

2. Mwanafunzi aliyechekwa

Sasa tuwasimulie kisa cha hapa hapa Tanzania, ambacho dunia nzima ya wanasayansi inakijua, lakini wengi wetu hatujapata kukisikia.

Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, huko Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayatia katika friji ya kugandisha. Siku moja nafasi ndani ya friji ilikuwa haba. Mpemba, akihofia kuikosa, akayaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto. Walipokuja kutazama, yake yalikuwa yamekwisha ganda, na ya mwenzake, aliyeyaweka bila kuyachemsha, yalikuwa bado.

Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia sababu, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa. Jambo hilo haliwezekani. Alinyamaza, lakini hakusahau. Baadaye rafiki yake mmoja aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga alimweleza kwamba wao hutia maziwa ya moto makusudi ili yagande upesi. Watu wa mtaani walikuwa wanalijua jambo ambalo darasa lilikuwa linalikataa.

Alipofika Shule ya Sekondari Mkwawa, Iringa, aliuliza tena. Safari hii mwalimu alimwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Tangu hapo, kila alipokosea hesabu, darasa zima lilimdhihaki kwa jina lake. Hata hivyo alasiri moja aliikuta maabara ya bayolojia i wazi, akachukua vyombo viwili vidogo, akajaribu mwenyewe kwa maji. Akaona tena alichokuwa amekiona.

Ndipo akaja mgeni. Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikwenda Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Baada ya mazungumzo akakaribisha maswali. Mpemba akasimama akauliza: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, vyenye maji kiasi kile kile, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka vyote katika friji, kwa nini kile cha maji ya moto hutangulia kuganda? Wenzake wakacheka. Mgeni hakucheka. Alitaka ahakikishiwe kwamba kijana amelijaribu jambo hilo. Kisha akakiri kwamba hajui jibu, akaahidi kulijaribu atakaporudi chuoni. Akatimiza ahadi. Fundi wa maabara alipolifanya jaribio, akaleta taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia, akaongeza kwamba ataendelea kurudia mpaka apate jibu lililo sahihi! Wakarudia, na jibu likawa lile lile.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha pamoja makala katika jarida la Kiingereza la walimu wa fizikia. Jambo hilo mpaka leo huitwa kwa jina la Mpemba. Wataalamu bado wanabishana: wapo wanaolieleza kwa sababu mbalimbali, na wapo waliolipima upya wasilione. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilipotangaza shindano la kulieleza, yalikuja majibu zaidi ya 22,000 kutoka nchi mbalimbali. Mpemba mwenyewe alikwenda kusomea uhifadhi wa wanyamapori katika Chuo cha Mweka.

Tafadhalini mtazame vema. Kijana alikuwa na macho ya kuona na moyo wa kuuliza tangu awali. Mgeni hakumletea akili, alimletea heshima. Ziara moja ya mtu mmoja, na uungwana wa kusema "sijui, nitajaribu", vilitosha kulitoa swali la mtoto wa shule likafika duniani. Na tujiulize: ni maswali mangapi ya watoto wa Kisesa, Nyanguge na Kahangara yaliyokufa kwa kicheko kwa sababu hapakuja mgeni?

3. Ndugu zetu wa ng'ambo

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Wajukuu wa wale waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika wamelipigania huko Marekani kwa zaidi ya karne nzima.

Mwaka 1876 Edward Bouchet alipata shahada ya udaktari wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Yale. Alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuipata shahada ya ngazi hiyo nchini humo. Pamoja na sifa hiyo, vyuo vikuu vya Wazungu havikumfungulia mlango. Alifundisha sayansi kwa miaka 26 katika shule ya watoto weusi mjini Philadelphia.

Mwaka 1959 mtoto wa miaka tisa, Ronald McNair, aliingia katika maktaba ya mji wake mdogo wa Lake City, katika jimbo la South Carolina, ili aazime vitabu. Akaambiwa kwamba maktaba si ya watu weusi. Hakuondoka. Polisi waliitwa, mama yake akaja, na mwishowe akapewa vitabu vyake. Mtoto huyo alipata udaktari wa fizikia mwaka 1976, akaruka angani mwaka 1984, akafa katika ajali ya chombo cha Challenger tarehe 28 Januari 1986. Jengo lile lile la maktaba leo lina jina lake.

Mwaka 1977 wanafizikia weusi wa Marekani waliunda chama chao, na mojawapo ya kazi zao ni kuwatia moyo vijana wanaowafuata. Safari haijakwisha. Mwaka 2020 taasisi ya wanafizikia wa nchi hiyo ilitoa taarifa ya uchunguzi iliyouliza kwa nini vijana weusi wanaohitimu fizikia bado ni wachache. Haikuona kwamba wamepungukiwa na akili. Iliona kwamba kijana huhitaji kujisikia ni wa nyumbani darasani; huhitaji kujiona kuwa naye anaweza kuwa mwanafizikia; huhitaji walimu wa kumshika mkono; huhitaji msaada wa maisha, hasa wa fedha; na huhitaji viongozi wanaolichukua jambo hilo kuwa wajibu wao. Mambo matano. Tukiyageuza kwa Kiswahili cha Magu, hayatuhitaji kuvuka bahari kuyaelewa.

4. Vikwazo vya hapa kwetu

Hatupendi kusema kwamba serikali haijafanya kitu. Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, nanyi wananchi mlichanga fedha, mawe na mchanga. Tangu Januari 2016 ada iliondolewa kidato cha kwanza hadi cha nne. Mwaka 2021 serikali ilitangaza kwamba msichana aliyejifungua aruhusiwe kurudi shule. Tangu mwaka 2022 upo ufadhili wa Samia kwa wanaofanya vizuri sana katika masomo ya sayansi kidato cha sita. Milango imefunguliwa. Ila mlango ulio wazi haumsaidii asiyejua kwamba anaruhusiwa kuingia.

Kikwazo cha kwanza ni lugha. Mtoto amefundishwa kwa Kiswahili shule ya msingi nzima, na nyumbani anasema Kisukuma. Kidato cha kwanza anakutana na fizikia na Kiingereza siku moja. Hajui kama kilichomshinda ni kanuni au ni maneno. Akifeli, huambiwa hana kichwa cha sayansi.

Kikwazo cha pili ni uchaguzi wa masomo. Kwa utaratibu tuliouzoea kwa miaka mingi, mwanafunzi akiingia kidato cha tatu huweza kuiacha fizikia. Uamuzi huo hufanywa na mtoto wa miaka kumi na tano au kumi na sita, katika juma moja, akifuata rafiki zake. Mzazi hana habari. Lakini kwa uamuzi huo anafunga njia ya uhandisi, ya fizikia ya tiba, ya ufundi mwingi wa umeme.

Kikwazo cha tatu ni jinsi tunavyowatazama binti zetu. Mvulana akiuliza redio inasemaje, tunasema huyu atakuwa fundi. Msichana akiuliza, tunamwambia akachote maji. Jioni kaka anasoma, dada yuko jikoni. Kisha matokeo yakitoka tunasema wasichana hawawezi. Na wapo bado wanaomhesabu binti kwa ng'ombe za mahari kabla hajamaliza kidato cha nne.

Kikwazo cha nne ni maabara yenye kufuli. Jengo lipo, vifaa ni haba, na vilivyopo vinaogopwa visivunjike. Kifaa kisichoguswa na mtoto ni pambo.

5. Tufanye nini?

Ndugu wapendwa, hatukuja kulalamika. Tunapendekeza mambo matano yaliyo katika uwezo wa parokia.

Kwanza, tuwapelekee watoto wageni. Kila parokia ina vijana wake walioko vyuoni; wanaporudi likizo wakaombwe kwenda katika sekondari ya kata kwa siku moja. Vivyo hivyo fundi umeme, muuguzi wa chumba cha eksirei, mtu wa vipimo, mhandisi aliyefanya kazi katika daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025. Wasiende kutoa hotuba ndefu. Waende kuonyesha kazi yao, na wabaki kujibu maswali. Na wasipojua jibu, waseme hawajui.

Pili, tupitishe azimio kwamba mtoto asiiache fizikia kidato cha tatu mpaka mzazi na mwalimu wake wamekaa naye pamoja. Hatusemi kila mtoto lazima aisome. Twasema asiiache gizani.

Tatu, kila jumuiya imtazame binti mmoja mmoja. Muda wa kusoma jioni ugawanywe sawa na kazi za nyumbani. Palipo na taa moja ya sola, isiwe ya mvulana peke yake. Akina mama wa WAWATA wanaweza kulisimamia jambo hili kuliko kamati yoyote.

Nne, wazazi walio katika bodi za shule waulize kwa upole: maabara yetu hufunguliwa mara ngapi kwa mwezi? Mlichanga, mnayo haki ya kuuliza.

Tano, vijana wa VIWAWA waanzishe kikundi cha kujaribu mambo, na waruhusiwe kueleza kwa Kiswahili na Kisukuma kwanza, Kiingereza baadaye. Hawahitaji fedha nyingi kuanza. Wafunge jiwe kwenye uzi, urefu wa mita moja kutoka fundo la juu hadi katikati ya jiwe, walibembeze kidogo tu. Kwenda na kurudi kwake huchukua takriban sekunde mbili. Wabadilishe jiwe waweke zito zaidi, urefu ukiwa ule ule: zitakuwa sekunde mbili vile vile. Kwa nini? Waachieni waumize vichwa. Huo ndio mwanzo.

Hitimisho

Katika mfano wa talanta, tumezoea kumlaumu yule mtumishi aliyeifukia talanta yake ardhini. Lakini wapo watoto ambao talanta yao haikufukiwa na wao. Ilifukiwa na sisi, kwa kicheko, kwa kuchota maji, kwa kutokuuliza. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 kwamba kila mtu ana haki ya elimu kwa sababu ya hadhi yake ya utu, wala haukutenga masomo ya matajiri na masomo ya maskini.

Basi shime, viongozi wetu. Tukirudi kwenye jumuiya zetu, tumtafute mtoto anayeuliza sana, yule anayetuchosha, tumketishe karibu.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika jumuiya yetu ni wanafunzi wangapi walio kidato cha pili? Je, wazazi wao wanajua watachagua masomo gani?

2. Ni nani katika parokia yetu anayefanya kazi inayohitaji fizikia, naye hajawahi kualikwa shuleni?

3. Mwaka huu, je, tulimlaumu mtu yeyote kwa radi? Tungeielezaje familia yake ukweli?

4. Kabla ya msimu wa kuuza pamba, ni nani atakayeipima mizani kwa maji, na taarifa yake ataipeleka kwa nani?